Kastadi, krimu karameli na pudini ya baridi: pakiti ipi inastahili maziwa yako?

Rafu za vitindamlo katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huanza kujaa mara mwezi wa Shaabani unapoandama, wakati wenye nyumba wanapoweka akiba ya futari. Hapo utayakuta makopo ya kastadi, maboksi madogo ya krimu karameli, na pakiti za pudini ambazo hazihitaji moto hata kidogo, bali maziwa baridi na mchapo ule wa kuchapia mayai. Zote zinamwahidi mnunuzi jambo lilelile, kwamba akishatia maziwa kazi imekwisha. Lakini kinachoyagandisha maziwa ndani ya pakiti hizo si kitu kimoja, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama fedha ya mnunuzi imekwenda mahali pake. Nimezipika zote kwa maziwa tunayoyapata sisi, yaani ya ng'ombe yaliyochemshwa nyumbani, ya boksi, ya unga, na tui la nazi, na ninayoyaeleza hapa yanatokana na maziwa hayo, si na picha zilizochapwa juu ya maboksi.

Kastadi ndiyo kongwe kuliko zote. Alfred Bird, mfamasia wa mji wa Birmingham nchini Uingereza, aliibuni mwaka 1837 kwa sababu mkewe, Elizabeth, alikuwa akidhurika na mayai, naye alitaka ampatie kastadi isiyokuwa na yai ndani yake. Mahali pa yai aliweka wanga wa mahindi, na mpaka leo unga huo haujabadilika sana: ni wanga, chumvi kidogo, arki ya vanila na rangi ya manjano. Katika jikoni nyingi za kwetu kopo linalojulikana zaidi ni la Foster Clark's, kampuni iliyoanzia Maidstone, Uingereza, mwaka 1889 na ambayo leo inatengeneza bidhaa zake katika kisiwa cha Malta. Mtu akisoma orodha ya viungo kwa makini atagundua kwamba ananunua konifulawa iliyotiwa harufu na rangi, na si aibu hata kidogo, mradi bei yake isiipite sana ile ya konifulawa yenyewe.

Kwa matumizi ya kila siku, hakuna pakiti inayoishinda. Vijiko viwili vya mezani vya unga, vijiko viwili vya sukari na nusu lita ya maziwa na ushei hutosha watu wanne, na kopo la gramu 300 litakuchukua kiasi cha lita tano za maziwa. Kastadi ya kawaida haiji na sukari yake, hivyo mpishi ndiye mwenye kuamua utamu, jambo ambalo pakiti nyingine mbili hazimpi. Inakubali maziwa yoyote, kwa kuwa wanga huvimba penye joto na majimaji tu, bila kujali maji hayo yametoka kwa ng'ombe au kwenye nazi. Kastadi ya tui zito, iliyotiwa hiliki iliyopondwa papo hapo na chembe ya chumvi, ni bora kuliko ile ya maziwa, na ninashangaa kwamba hakuna kiwanda kilichowahi kuandika maelezo yake ubavuni mwa kopo.

Tatizo la kastadi hutokana na haraka. Wanga wa mahindi huanza kuvimba joto linapopita nyuzi 60, lakini haukazi vizuri mpaka maziwa yakaribie kuchemka, na ndiyo maana anayeepua sufuria mara tu aonapo uji umeanza kuwa mzito hubaki na kitu chepesi chenye ladha ya unga mbichi. Unga ukorogwe kwanza kwa maziwa baridi kidogo mpaka usiwe na madonge, kisha umiminwe kwenye maziwa ya moto huku mwiko ukizunguka, na baada ya kuchemka uachwe dakika moja au mbili zaidi juu ya moto mdogo. Anayeonja asirudishe kijiko chake sufuriani: mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kijiko kimoja kilichorudishwa kinaweza kuifanya kastadi iliyokuwa imeshika vizuri ilegee na kutoa maji kabla ya wageni kufika. Wanaoongeza kiini cha yai ili kupata ladha ya kizamani nao wakumbuke kuirudisha sufuria motoni mpaka ichemke, kwa kuwa kiini kibichi kina kimeng'enya cha namna hiyohiyo.

Juu ya rangi, naona wazazi wasome lebo. Baadhi ya kastadi hupata manjano yake kwa tatrazini, inayoandikwa E102, na tangu Julai 2010 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chakula chenye rangi hiyo kiwe na onyo kwamba huenda ikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Nyingine hutumia rangi ya anato, E160b, inayotokana na mbegu za mrangi, au mzingefuri kama wengine wanavyouita, zao ambalo wakulima wa Kwale wamelilima na kuliuza nje kwa miaka mingi. Rangi hiyo haina mwako kama wa tatrazini na kastadi yake hutoka na weupe wa siagi, lakini kama makopo mawili yako rafu moja na bei zinakaribiana, mimi huchukua hilo la pili.

Krimu karameli ni habari nyingine, na hii ndiyo pakiti ninayoiona ina haki ya kuitwa msaada wa jikoni. Krimu karameli ya asili hutaka mayai, oveni, chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, na mpishi asiye na shughuli nyingine kwa muda wa saa nzima. Boksi lina vifuko viwili, kimoja cha unga na kimoja cha karameli: karameli humiminwa chini ya vikombe, unga hukorogwa kwenye nusu lita ya maziwa mpaka yachemke, kisha maziwa humiminwa polepole juu ya karameli na kuachwa yapoe. Ukikipindua kikombe juu ya sahani, kinachotoka kinasimama wima, kinatikisika, na mchuzi wa kahawia unateremka pembeni kama inavyotakiwa. Familia za Waswahili wa Muscat huipika mno mwezi wa Ramadhani, na aliyefuturu kwao anaijua hata kama hajawahi kuliona boksi lake.

Kinachoisimamisha ni karajinani, inayoandikwa E407, na hiyo hutoka kwenye mwani mwekundu. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa sana. Mwani wa aina hiyo umekuwa ukilimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, kwa sehemu kubwa na wanawake, ambao hufunga vipande kwenye kamba wakati wa bamvua maji yanapotoka, wakavuna, wakaanika, na kuuza kwa kilo. Zipo aina mbili zinazojulikana kwa majina ya kibiashara: cottonii, inayolipa zaidi lakini hufa kwa urahisi maji yanapopata joto, na spinosum, inayostahimili zaidi na inayolipa kidogo. Cottonii hutoa karajinani inayokaza na kukatika vizuri kwa kisu. Ya spinosum hutoa uteute laini unaonesa. Mwani huo husafirishwa ukiwa mkavu, husafishwa katika viwanda vya ng'ambo, na karajinani hurudi kwetu ikiwa punje chache ndani ya kifuko kilichosafiri kwa meli mara mbili. Sisemi kwamba boksi fulani lina mwani wa Paje, lakini ni vigumu kulishika bila kuifikiria bei ya kilo moja ya mwani pale ufukweni.

Karajinani ina sifa mbili zinazoifaa nyumba ya kwetu. Ya kwanza ni kwamba huganda ingali na uvuguvugu, kabla hata haijafika kwenye friji, kwa hiyo umeme ukikatika jioni kitindamlo chako hakiharibiki. Kitakosa ubaridi tu. Ya pili ni kwamba hushikana na protini ya maziwa, kiasi kwamba kidogo tu kinatosha kugandisha maziwa, ilhali maji matupu yangehitaji kingi zaidi. Sifa hii ya pili ina matokeo ambayo watengenezaji hawakuyakusudia: pakiti ya karameli hutoa ushahidi dhidi ya muuza maziwa anayeyaongezea maji. Maziwa ya chupa niliyonunua kwa mchuuzi mmoja yalitoa karameli iliyolala chini sahanini, ilhali pakiti ya aina ileile iliyopikwa kwa maziwa ya unga yaliyopimwa vizuri, gramu 125 au 130 kwa lita moja ya maji, ilisimama bila wasiwasi. Kwa tui huganda pia, lakini kwa ulegevu, na haifai kupinduliwa, iliwe kikombeni.

Mapungufu yake yapo, nayo ni ya ladha. Haina yai, na ulimi uliozoea karameli ya mayai utaujua utelezi wake mara moja. Karameli ya kifukoni nayo ni tamu bila uchungu wowote, wakati karameli ya kweli lazima iwe imekaribia kuungua. Dawa yake ni rahisi: weka kifuko hicho pembeni, yeyusha vijiko vinne vya sukari kwenye kikaango kikavu mpaka iwe na rangi ya mbao ya mninga, tia maji kijiko kimoja kwa uangalifu kwa kuwa yataruka, na uimimine chini ya vikombe. Kwa dakika hizo chache za ziada pakiti ya kawaida hupanda daraja.

Pudini ya baridi ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayonishawishi kidogo zaidi. Wasomaji walio Uingereza wanaijua kwa jina la Angel Delight, iliyoingia sokoni mwaka 1967, na walio Marekani na Kanada wanaijua kwa jina la Jell-O. Ndani yake mna wanga uliokwisha kupikwa na kukaushwa kiwandani, ndiyo maana hauhitaji moto, pamoja na chumvi za fosfati zinazoifanya protini ya maziwa ishikane. Pakiti ya Angel Delight ya gramu 59 huchapwa ndani ya mililita 300 za maziwa baridi, na baada ya dakika tano huwa tayari. Kwa mwanafunzi aliye bwenini bila jiko, au kwa mzazi wa Leicester anayerudi kazini usiku na kuwakuta watoto wanangoja, ni jambo la kuthaminiwa, hasa kule ambako pakiti hizo huuzwa kwa bei nafuu.

Huku kwetu hesabu hubadilika. Bidhaa imeagizwa kutoka nje, bei yake kwa bakuli moja huipita ya kastadi mara kadhaa, na kitu cha kwanza katika orodha ya viungo vyake ni sukari, ambayo tayari unayo kabatini. Tena maelezo yake yanachukulia kwamba maziwa yanatoka kwenye friji yakiwa tayari kunywewa, wakati anayenunua maziwa mabichi lazima ayachemshe kwanza, ayapoze, kisha ayaweke friji saa kadhaa, na kufikia hapo angeshapika kastadi na kuosha sufuria. Maziwa ya uvuguvugu huiacha ikiwa majimaji. Tui na maziwa ya soya hayafai kabisa, kwa kuwa hayana protini ambayo fosfati inaitafuta. Utachapa mpaka mkono uchoke na mwisho upate kinywaji kizito. Ladha ya vanila inapendeza, ya chokoleti inatosha, na ya stroberi ina harufu ya peremende kuliko ya tunda. Watoto wataipenda, lakini sioni sababu ya mtu mzima kuipanga mezani mbele ya wageni.

Wanaojali uhalali wa chakula wasiridhike na picha ya maziwa kwenye boksi. Kastadi na krimu karameli za aina niliyoieleza husimama kwa wanga au kwa mwani, lakini baadhi ya michanganyiko ya musi (kitindamlo chepesi chenye povu) na ya panakota (krimu iliyogandishwa) huwekwa jelatini, ambayo hutokana na mnyama, na lebo haisemi kila mara ni mnyama gani wala amechinjwa vipi. Ikiwa hakuna alama ya halali ya chombo kinachoaminika, ni bora kuiacha.

Neno kuhusu matunda, kwa sababu saladi ya matunda na kastadi ni kawaida ya harusi na sikukuu zetu nyingi. Papai na nanasi ambavyo havijapikwa vina vimeng'enya vinavyovunja protini za maziwa, na vikilala usiku mzima ndani ya kastadi au pudini huleta uchungu na majimaji. Embe, ndizi na tikiti havina tatizo hilo. Anayetaka nanasi alichemshe kidogo kwanza au atumie la kopo, na papai likatwe na kuwekwa juu wakati wa kupakua.

Wakati wa kununua, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi hasa baada ya sikukuu, maduka yanapopunguza bei ili kumaliza mzigo. Kopo la kastadi hukaa miezi mingi likifungwa vizuri na kijiko kikavu kikitumika. Pakiti ya pudini ya baridi, ikishafunguliwa, itumike yote siku hiyohiyo, kwani wanga wake uliopikwa kiwandani hunyonya unyevu wa hewa ya pwani na kushikana mabonge ambayo hakuna mchapo utakaoyavunja.