Kutoka kilo 380 hadi 216: V-Strom 650XT baada ya Gold Wing

Kama safari zako zote ni za lami, mna watu wawili, na zinaanzia na kuishia mahali penye sakafu ngumu ya kuegesha, baki na Honda Gold Wing. Sijapanda pikipiki nyingine inayobeba watu wawili kwa raha namna ile. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaohama kutoka pikipiki kubwa kwenda ndogo huanza kuiponda ile waliyoiacha, nami sina la kuiponda. Injini ya silinda sita zilizolala, sentimita za ujazo 1,833, shafti badala ya cheni, gia ya kurudi nyuma, viti vinavyopasha joto: vyote vilinitumikia vizuri hadi siku niliyoiuza na kuchukua Suzuki V-Strom 650XT.

Nimeiuza kwa ajili ya uzito tu. Gold Wing Tour iliyotoka 2018 ina karibu kilo 380 ikiwa na mafuta, kabla hujafungasha hata shati moja. Ukishashika mwendo, kilo hizo zinapotea, maana injini imelala chini na uzito mwingi uko karibu na ardhi. Zinarudi ukisimama. Unafika mahali, na kabla hujatazama mandhari unatazama ardhi: imeinamia upande gani, changarawe ina kina gani, nikiingia hapa nitatokaje? Kadiri miaka ilivyokwenda niligundua kwamba uzito ndio ulionichagulia njia. Kibao kinaonyesha maporomoko ya maji, njia ya vumbi inachepuka kushoto, nami napita moja kwa moja. Mke wangu alikuwa akinigusa bega kila tukipita kibao cha namna hiyo. Baadaye aliacha kunigusa, na hilo ndilo lililonifanya nianze kutafuta pikipiki nyingine.

Suzuki V-Strom 650XT, toleo lililoanza 2017, ina kilo 216 tangi likiwa limejaa. Tofauti ni kilo mia moja na sitini na ushee. Ukiisoma kwenye karatasi ni namba kama namba nyingine, lakini mikono inaielewa mara ya kwanza unapoisukuma kuitoa ilipoegeshwa. Naiondoa kwenye stendi, naigeuza nikiwa nimesimama pembeni yake, naipandisha kizingiti kidogo, vyote bila kuita mtu. Ikilala chini naiinua peke yangu: naipa mgongo, makalio yanaegemea kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kishikio cha nyuma, kisha miguu inafanya kazi hatua kwa hatua. Kwa mtu aliyevuka miaka hamsini, uhakika huo una thamani kuliko nguvu farasi zozote.

Lakini kuna jambo ambalo wanaohama wanapaswa kuambiwa mapema: wepesi na ufupi ni vitu viwili. Kiti cha Gold Wing kiko milimita 745 kutoka ardhini, cha V-Strom kiko 835. Mtu wa kimo cha kati, kama mimi, aliyezoea kutua nyayo mbili zote, atajikuta anagusa kwa vidole. Wiki za mwanzo nilikuwa nasimama kwa mashaka. Dawa yake ni kuacha kutafuta miguu miwili: unasogea kidogo kwenye kiti, unatua mguu wa kushoto nyayo nzima, wa kulia unabaki kwenye breki. Ukiizoea, urefu unageuka kuwa faida, kwa sababu magoti hayakunjwi sana na unaona juu ya magari madogo yaliyo mbele yako. Mwenye miguu mifupi zaidi ajaribu kukaa juu yake, amevaa buti zake za safari, kabla ya kutoa pesa.

Injini ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ni silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V kwa nyuzi 90, sentimita za ujazo 645, na chimbuko lake ni SV650 ya 1999. V-Strom 650 yenyewe ilianza 2004. Kwa hiyo imeshafanyiwa kazi kwa muda mrefu, na mafundi wengi wanaijua. Nguvu farasi 71 hazimtishi mtu. Kinachonivutia ni jinsi inavyovuta kutoka chini bila kulalamika. Kwenye mlima wenye kona za kurudi nyuma naingia gia ya pili, naachia klachi, na inapanda tu. Ukiondoka na gia ya kwanza, kuna mfumo unaopandisha kidogo mizunguko ya injini unapoachia klachi, ili isizimike. Wakati wa kugeuza kwenye njia nyembamba, mteremko ukiwa upande mmoja na mfereji upande wa pili, msaada huo mdogo naushukuru sana. Kuwasha ni kugusa kitufe mara moja, basi.

Mafuta, sina malalamiko. Tangi ni lita 20, dogo kidogo kuliko la Gold Wing, ila nikiendesha kwa utulivu navuka kilometa 400 kabla ya kutafuta kituo.

Sasa barabara ya vumbi, maana ndiyo iliyonileta huku. XT ina rimu za spoku zisizohitaji tyubu, inchi 19 mbele na 17 nyuma. Gurudumu la mbele la inchi 19 linapita juu ya mawe na mashimo madogo ambayo rimu ya pikipiki ya lami ingeyagonga. Kutokuwa na tyubu ni baraka kubwa, kwa sababu pancha ya kawaida unaiziba kwa kipande cha mpira kutoka nje, unajaza upepo kwa pampu ndogo, unaendelea, bila kuvua gurudumu. Kwenye changarawe huwa nasimama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi kidogo, na kuiacha pikipiki icheze chini yangu. Kwenye Gold Wing hilo halikuwezekana, kwani miguu iko mbele na mwili umekaa kwenye kiti. Mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze una ngazi mbili na unaweza kuuzima kabisa. ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki, haizimiki, jambo linalohitaji kukumbukwa kwenye mteremko wa kokoto: breki zitaachia na kushika, na umbali wa kusimama utaongezeka, hivyo punguza mwendo kabla ya mteremko. Nafasi kati ya injini na ardhi ni milimita 170 tu, na chujio la oili limekaa mbele ya injini, nyuma ya gurudumu, mahali ambapo jiwe likirushwa linafika. Bamba la chuma la kukinga tumbo la injini ndilo kitu cha kwanza nilichonunua. Hii ni pikipiki ya barabara za vumbi. Ya kuruka vilima siyo, na anayetaka hilo atafute nyingine.

Upepo nao haufichiki. Lori likikupita kutoka upande wa pili, Gold Wing ilikuwa inanyamaza; V-Strom inakusukuma, na unajifunza kulegeza mikono badala ya kuukaba usukani. Kioo cha mbele kina vimo vitatu, ila unahitaji spana kukihamisha, na kwangu kimo cha juu kilileta mtikisiko wa upepo kwenye helmeti. Nimekirudisha cha kati, na masikioni navaa vizibo siku zote. Hakuna kifaa cha kushikilia mwendo, kwa hiyo mkono wa kulia unachoka kwenye barabara ndefu zilizonyooka. Na cheni ni kazi. Aliyezoea shafti atalazimika kujifunza upya kusafisha, kupaka mafuta kila baada ya kilometa 1,000 hivi, mapema zaidi ikinyesha mvua, na kupima ulegevu wake. Stendi ya kati haiji na pikipiki; inunue, la sivyo kupaka cheni mafuta njiani ni taabu. Ukaguzi wa valvu, kwa upande mwingine, ni kila kilometa 24,000, na huo ni muda mrefu wa kupumzika.

Mke wangu, siku alipokaa nyuma kwa mara ya kwanza, alisema: “Ile ilikuwa sofa, hii ni stuli.” Ana haki. Kwenye Gold Wing alikuwa na egemeo la mgongo na pa kuweka mikono, hata usingizi ulimpitia. Tulifunga sanduku la nyuma lenye mto wa kuegemea, tukakubaliana kusimama mara nyingi zaidi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tukisimama mara nyingi, tunaona mengi, na kwa kuwa kusimama hakunipi tena hofu, yeye ndiye anayeamua wapi. Kibao kikionyesha upande wa vumbi ananigusa bega, nami nawasha taa ya kukata kona.

Mizigo ndiyo inayoharibu pikipiki nyepesi kuliko kitu kingine. Nimeona watu wananunua V-Strom halafu wanafunga masanduku makubwa ya alumini pande zote, vyuma vya kukinga, taa za ziada, mitungi ya akiba, mpaka wepesi walioulipia unaisha. Mimi nimechagua mabegi laini. Ni mepesi, na pikipiki ikiangukia ubavu mguu haunasi chini ya kona ya sanduku. Vitu vizito, yaani vifaa vya ufundi na maji, vinakaa chini na mbele kadiri inavyowezekana. Nguo na hema vinaweza kukaa juu. Hema letu la zamani tumempa mtu, tukachukua dogo.

Kabla ya kuamua nilipanda nyingine. Honda CB500X ni nyepesi zaidi, kilo 199, na peke yangu ningeichukua bila kusita. Tukiwa wawili na mizigo, mlimani niliona inajikaza. Yamaha Ténéré 700 inaniacha hoi kwa uwezo wake kwenye njia mbovu, lakini kiti chake ni milimita 875 na tangi lita 16. Hiyo ni ya kijana mrefu anayesafiri peke yake.

Kilichobaki ni kurekebisha sehemu ya mbele. Shokapu za mbele zinaruhusu kukaza springi tu, na kwa uzito wa watu wawili zinazama sana ukishika breki kwa nguvu. Nyuma hakuna shida, kuna kirungu ninachozungusha kwa mkono tukipakia, nakirudisha nikiwa peke yangu. Springi ngumu zaidi za mbele nimeshaagiza, pamoja na oili nzito kidogo ya shokapu, na fundi ameniambia ni kazi ya nusu siku.