Toyota IST ya Kwanza: Inavyoshika Barabara, na Pa Kutazama Inapoanza Kuyumba

Mtu akikuambia "IST ni nyepesi, inapepesuka," muulize kwanza imevaa matairi gani. IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, si gari la kupepesuka. Ni fupi na limesimama: kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma kuna milimita 2,370 tu. Kwa hiyo basi likikupita kwa kasi barabara kuu, utahisi gari linasukumwa kidogo. Hilo ni umbile lake, hakuna fundi wa kulitibu. Lakini kuvuta upande mmoja, kuteleza kwenye lami yenye maji, nyuma kuchelewa kuifuata mbele, usukani kukataa kurudi wenyewe baada ya kona: hayo ni magonjwa, na kila moja lina chanzo chake.

IST iliyo mzima ina tabia nzuri. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, mbele ndiyo inaanza kutoka nje ya mstari, polepole, na ukiachia mafuta taratibu inarudi. Mbele kuna shokapu iliyobeba springi na mkono mmoja wa chini kila upande, na nyuma kuna ekseli moja ya chuma inayojinyonga kidogo katikati. Vitu ni vichache, spea zimejaa madukani, na fundi wa kawaida anavifahamu. Kwa gari la bei yake, hapo tunaipa alama za juu.

Alama zinaanza kushuka kwenye matairi, na mara nyingi kosa si la gari. Magari mengi kutoka Japani hushuka bandarini na matairi ya theluji, na wanunuzi hufurahi kwamba "bado mapya". Chungulia ubavuni: ukiona neno STUDLESS, umeyapata. Alama nyingine ni mikato myembamba iliyojaa kwenye kila kipande cha mpira, kama mkate wa slesi. Mpira huo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Dar es Salaam saa saba mchana unalegea, na vile vipande vinajikunja kwanza ndipo gari ligeuke. Unakata usukani, gari linajibu kwa kuchelewa. Unaweza kupiga alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa matairi) mara tatu na kubadilisha nusu ya mguu wa mbele, yaani vyuma na mipira inayoshika tairi, bila kuona tofauti, kwa sababu ulegevu uko kwenye mpira wenyewe.

Tairi la mtumba lina ugonjwa wa pili, uzee. Mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mifereji inaweza kuwa na kina kizuri kabisa huku mpira umekauka. Kandamiza ukucha juu yake: ukigoma kuingia hata kidogo, na ubavu una nyufa ndogondogo, tairi hilo halifai kwa mvua. Vile vinundu vilivyomo ndani ya mifereji viko kwenye milimita 1.6, na tairi likifika hapo limekwisha. Kwa msimu wa masika usisubiri vinundu, badilisha kwenye milimita 3, maana chini ya hapo maji hayapati pa kutokea na tairi huanza kuelea.

Upepo una kasoro yake pia. Stika ya nguzo ya mlango wa dereva huandika upepo kwa kPa, si kwa psi: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33. Pima asubuhi kabla ya kutoka, tairi likiwa baridi. Kujazwa psi 40 "ili yabebe abiria" kunalifanya tairi liguse barabara kwa katikati tu, na hapo breki za mvua unazitafuta huzioni.

Kabla hujamwita fundi, piga magoti, pitisha kiganja juu ya tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Kama upande mmoja ni laini na ukirudisha unahisi makali kama ya msumeno, tou imeharibika, yaani matairi yanachungulia ndani au nje badala ya kutazama mbele. Likiwa limelika ukingo wa ndani peke yake, shuku tou iliyofunguka nje au gari lililonyanyuliwa. Kingo zote mbili ni upepo mdogo. Mabondebonde, sehemu imeingia na sehemu imebaki, ni shokapu iliyokufa au balansi mbovu, yaani uzito wa tairi hauko sawa pande zote.

Ukinunua mawili mapya, yafunge nyuma. Wengi hubisha, wakisema mbele ndiko kunakovuta na kugeuza. Ni kweli, lakini mbele ikiteleza unahisi kwenye usukani na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye kona yenye maji, gari fupi kama hili linazunguka kabla hujajua la kufanya.

Sasa kunyanyua. IST iko chini kidogo kwa barabara zetu, ndiyo maana spesa, vipande vya kuinua gari, zimekuwa biashara kubwa. Spesa ya mbele hukaa juu ya shokapu na kuusukuma mguu mzima chini. Mkono wa chini unalala kwa pembe kali, tai rodi, fimbo inayogeuza tairi, nayo inalala, na tou inahama hapohapo. Ukiondoka gereji bila alaimenti, unaanza kula matairi siku hiyohiyo. Nyuma ni kubaya zaidi: wakiweka spesa kwenye springi wakaacha shokapu ilivyo, shokapu inabaki karibu na mwisho wa urefu wake. Ukishuka tuta unasikia "gon", tairi limening'inia na kwa muda halishiki chini. Tukiulizwa, tutasema usizidishe milimita 20 hadi 30, na nyuma ushughulikie shokapu pamoja na springi. Walioongeza spesa juu ya spesa wameiharibu IST kuliko mashimo yalivyoiharibu.

Kwenye mguu wa mbele, mshukiwa wa kwanza ni bushi, mpira wa kiungo ndani ya chuma, ile kubwa ya nyuma ya mkono wa chini. Ikichanika, ukikanyaga breki tairi linarudi nyuma kidogo na gari linaenda upande, ukiachia, linarudi. Mwambie fundi aingize mtaimbo kati ya mkono na chesisi na kusukuma huku wewe unatazama. Ukiona mpira umeachana na chuma, imekwisha. Unaweza kununua bushi peke yake ikashindiliwa kwa presi. Hapa ndipo kazi huharibika: bolti za bushi zisikazwe moja kwa moja gari likiwa juu ya jeki na mguu unaning'inia. Zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ikikazwa mguu ukiwa hewani, bushi inabaki imenyongwa muda wote, na baada ya miezi michache imechanika. Kisha lawama zote zinaenda kwa "spea feki".

Boljointi (kiungo cha duara mwisho wa mkono wa chini) na tai rodi zipime kwa mikono. Nyanyua tairi, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, ni boljointi au beringi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, ni tai rodi endi (ncha ya nje) au reki endi (ncha ya ndani). Stebilaiza linki, kijiti cha fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, hupiga kelele nyingi kwenye vishimo lakini si yenyewe inayokuvuta upande. Usukani ukiwa mzito na mkaidi kurudi, na springi inatoa mlio ukigeuza gari likiwa limesimama, tazama maunti (kikalio cha juu cha shokapu) na beringi yake.

Bushi mbili za ekseli ya nyuma husahaulika kabisa. Zikichoka, nyuma inajigeuza yenyewe. Unabadilisha njia kwa kasi ya 90, mbele inakwenda, halafu nyuma inafuata kwa mkupuo wake. Alaimenti haiwezi kukusaidia hapo, kwa kuwa ekseli hiyo haina skrubu ya kurekebisha. Ikipindika kwa kugonga ukingo wa barabara, ni kubadilisha ekseli.

Gari likivuta upande mmoja, jaribu bure kwanza: hamisha matairi ya mbele, la kushoto kulia. Upande wa kuvuta ukihama, kosa ni la tairi. (Yenye mshale wa mzunguko, hamisha mbele na nyuma upande uleule.) Usipohama, endesha dakika 10 bila kutumia breki sana, kisha sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili za mbele. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, pini za kalipa (kibano cha breki) zimeganda na breki inashika muda wote.

Mtetemo wa usukani kati ya 80 na 100 ni balansi ya mbele, ila ukirudi kila baada ya balansi, tazama tundu la katikati la rimu. Habu ya gari hili, kitovu ambapo rimu hukaa, ni milimita 54.1, rimu nyingi za maduka ya urembo zina tundu kubwa zaidi, na bila ringi ya kujazia haziketi katikati. Nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa nguvu ya Nm 103, si kwa kuruka juu ya spana.

Alaimenti ije mwisho, baada ya yote hayo. Huduma nzuri inaanza kwa kupima upepo na kutikisa matairi. Ukiona wanapandisha gari kwenye mashine bila hata kugusa, ondoka. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Tai rodi zirekebishwe pande zote mbili. Wakizungusha moja tu, tou itasoma vizuri kwenye skrini lakini usukani utakaa umepinda barabarani.

IST za biashara zilizofungwa mtungi wa gesi zina jambo lake. Mtungi wa chuma ni makumi ya kilo nyuma ya ekseli, muda wote. Springi za nyuma zinakaa, taa zinatazama miti, mbele inakuwa nyepesi na usukani hauna uzito wa kutosha kwenye mvua. Springi imara za nyuma na shokapu mpya zihesabiwe kwenye gharama ya kufunga gesi tangu mwanzo. Ukikuta IST ya namna hiyo inauzwa na nyuma imelala, bei ya springi, shokapu na bushi za ekseli itolewe mezani kabla hujalipa.