Shahada ya uuguzi katika chuo kikuu cha Kikristo: tathmini yetu
Kozi hii kwa kawaida huchukua miaka 4, nasi tunaipendekeza kwa sharti moja: kabla ya kulipa ada, hakikisha baraza la uuguzi limeiidhinisha. Bila ithibati hiyo, katika nchi nyingi mhitimu haruhusiwi kufanya mtihani wa leseni, hata alama zake ziwe nzuri kiasi gani.

Ubora wa chuo huonekana kwenye maabara ya mafunzo na wodini. Uliza mkufunzi mmoja husimamia wanafunzi wangapi. Wakijazana, wa nyuma huambulia kuona migongo tu. Hesabu za dawa ndizo huwasumbua wengi. Daktari ameagiza miligramu 75, kichupa kina miligramu 100 katika mililita 2: gawanya 75 kwa 100, zidisha kwa 2, vuta mililita 1.5. Hatari kubwa ni kuchanganya gramu na miligramu, maana dozi hukosewa mara 1,000.

Ibada na masomo ya Biblia huwamo kwenye ratiba, na mara nyingi mahudhurio huhesabiwa. Mwenye zamu ya usiku aombe ruhusa mapema. Tunachokipenda zaidi ni malezi ya maadili: mwanafunzi hufundishwa kukaa na mgonjwa aliye mahututi, na kumwombea pale tu anaporidhia.