Sefaria: Zaburi kwa Kiebrania, bure

Kwenye Sefaria, programu ya maandiko ya Kiyahudi, tafuta "Psalms 145", gusa mstari, orodha ya wafafanuzi inafunguka. Zaburi hii husomwa mara 3 kwa siku katika sala za Kiyahudi. Ruka kichwa "Tehila le-David", kisha fuata herufi inayoanza kila mstari: alef, bet, gimel, mpaka tav, ya mwisho katika alfabeti ya Kiebrania. Herufi nun haipo! Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi (Berakhot 4b), yasema imeachwa kwa sababu ndiyo inayoanza "nafla", ameanguka, kwenye Amosi 5:2. Tafsiri hufuta ufundi huu wote.

Angalia namba: Kiebrania huhesabu vichwa virefu vya zaburi kama mistari, hivyo "uniumbie moyo safi", 51:10 kwenye Biblia yetu, huko ni 51:12. Usipojua utadhani programu imekosea. Kasoro: bila Kiingereza au Kiebrania, utaambulia kidogo.