Uzoefu wangu: plaiwudi ya Jinja kwa maboksi ya spika

Kwa mwenye haraka: plaiwudi ya milimita 18 inayotengenezwa hapa Jinja, Uganda, inafaa sana kwa maboksi ya spika za sebuleni, ila uichague mwenyewe ukiwa umesimama dukani, na ukatiwe kwa mashine ya meza. Nimeitumia kujenga jozi ya spika za njia mbili, wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 6.5 na twita (ya sauti nyembamba) ya kitambaa, kwenye kibanda changu cha kazi nyuma ya nyumba, Walukuba. Zimepitia mvua zote za Machi hadi Mei na hakuna kona iliyoachia.

Ukitafuta ushauri wa watengenezaji wa Ulaya na Marekani, wengi watakuelekeza kwenye MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Wana sababu zao: ni nzito, haina mwelekeo wa nyuzi, hukatika laini na haina mapengo ndani. Lakini wao hawaishi kando ya Ziwa Viktoria. Hapa unyevu hauondoki, na MDF ikishakunywa maji kwenye ukingo huvimba na hairudi tena. Skrubu iliyokaa hapo hulegea. Meza ya televisheni ya jirani yangu ilivimba chini kwa maji ya kupigia deki tu. Vumbi lake nalo ni laini mno na lina fomaldihaidi, kemikali yenye madhara inayotokana na gundi yake, na mimi nafanyia kazi hatua chache kutoka jikoni kwetu.

Wengine walinishauri mvule, kwa kuwa Busoga, eneo letu hili, ni nchi ya mvule na maseremala wa huku hawaoni mbao nyingine. Ni mbao ninayoiheshimu. Lakini ubao mzima, uwe mgumu vipi, hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila hewa inapobadilika, na ukiubana kona zote nne utatafuta pa kupasukia. Unga wake huwasha ngozi na kubana kifua. Tena mivule mikubwa imekatwa sana, na sioni haki kuuficha ubao wake chini ya rangi nyeusi. Nilichukua vipande vyembamba tu, mabaki ya fundi wa milango, nikavifanya urembo wa ukingo wa mbele.

Plaiwudi inashinda hapo kwa sababu tabaka zake zimepishana: nyuzi za moja zikienda wima, za inayofuata zinakwenda mlalo, na kila tabaka inaizuia mwenzake isitanuke. Kasoro zake pia zipo. Tabaka za ndani hazijakutana vizuri kila mahali. Ukitazama ukingo utaona pengo dogo jeusi hapa na pale. Pengo la namna hiyo likibaki ndani ya ukuta wa spika litavuma kila besi ikipita, na hutaweza kulifikia tena. Mwombe muuzaji azisimamishe plaiwudi kwa ubavu, upite ukingo wote kwa macho, kisha ugonge uso kwa kifundo cha kidole kila baada ya shibiri. Mlio ukibadilika ghafla ukawa wa debe tupu, iache hiyo, uliza nyingine. Muuzaji anaweza kununa. Mwache anune, pesa ni yako. Uso wa juu nao ni mwembamba, msasa wa mashine huutoboa upesi, kwa hiyo nilisugua kwa mkono, namba 120 kisha 240. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja imepotelea kwenye mapengo.

Huduma ya kukatiwa ndiyo iliyonifaa kuliko kitu kingine chochote nilicholipia. Nilikwenda na karatasi ya vipimo: upana wa nje sentimita 22, kimo 42, kina 34. Ombi langu kwa kijana wa mashine lilikuwa moja: vipande vyote vya kipimo kimoja vikatwe kabla hajasogeza kiongozi cha msumeno. Hata kipimo kikizidi kwa milimita, vyote vimezidi sawasawa na boksi litafunga. Ukikata mbili leo na mbili wiki ijayo, utaishia kujaza nyufa kwa gundi na unga wa mbao. Maboksi mawili yalikula chini ya nusu ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Wawili wakishirikiana na kupanga vizuri, plaiwudi moja inatosha jozi mbili.

Sasa wufa, ambako ndiko watu wengi hutupa pesa. Madukani huuzwa kwa wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye sumaku, na ukiomba karatasi ya vipimo unatazamwa tu. Wati hazikuambii boksi liwe kubwa kiasi gani. Unachohitaji ni namba tatu: idadi ya mitetemo yake ya asili kwa sekunde (hezi) katika hewa wazi, yaani Fs; Qts, inayoeleza jinsi koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, inavyojizuia isiendelee kutikisika; na Vas, ukubwa wa hewa yenye unyumbufu sawa na wa koni. Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Duka la Kampala lililoniuzia wufa halikuwa na hata namba moja kati ya hizo, nikazipima mwenyewe kwa kompyuta, rezista moja na programu ya bure ya kupimia sauti iitwayo REW. Kwa Vas unabandika uzito mdogo unaoujua kwenye koni na kupima tena. Nilipata Fs ya hezi 45, Qts ya 0.39 na Vas ya lita 21.

Kwa namba hizo boksi la lita 20 lenye bomba la kupitishia hewa linakaa pazuri kabisa. Ndani ya vipimo nilivyotaja mna lita 21.5, ukitoa nafasi ya wufa, bomba na mhimili wa kati, zinabaki kama 20. Bomba ni la maji, la plastiki, lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 11, na linaifanya hewa ya boksi itetemeke kwa hezi 45. Anayeijua embaire, marimba makubwa ya Busoga, hatashangaa. Mbao zake kubwa hulazwa juu ya migomba, chini yake huchimbwa shimo, na hewa ya shimoni ndiyo inayoipa sauti nzito nguvu. Wazee wetu walijua kazi ya hewa iliyofungiwa kabla yeyote hajachora jedwali lake, na nilipokuwa nakata bomba nilijisikia nipo kwenye kazi ya nyumbani.

Kuunga hakuhitaji umeme, na hilo kwetu ni jambo. Jiriwa za kutosha boksi zima ni ghali, kwa hiyo nilikata tyubu kuukuu za bodaboda kuwa mikanda mirefu na kulizungushia boksi nikivuta kwa nguvu. Zinabana pande zote kwa pamoja kuliko nilivyotarajia. Mzee jirani, seremala mstaafu, alipita nikiwa natoboa matundu ya skrubu. Baada ya shikamoo na marahaba akanizuia mkono: "Mwanangu, gundi ndiyo inayoshika. Skrubu inasubiri tu gundi ikauke." Nikapunguza skrubu, nikaongeza gundi na muda wa kusubiri. Katikati nilipachika mhimili kutoka ubavu hadi ubavu, kwa sababu ukuta mpana usioshikwa huimba wimbo wake wenyewe.

Kona za ndani nilizipaka silikoni. Ile yenye harufu ya siki iachwe ikauke kabisa kabla ya kufunga wufa, maana mvuke wake unakula shaba. Kujua kama boksi linavuja ni rahisi: ziba bomba kwa kiganja, sukuma koni polepole kwa vidole, achia. Ikirudi taratibu, hewa imekaa. Ikirudi papo hapo, kuna mahali inapita, na mara nyingi ni pale waya inapotokea nyuma.

Badala ya sponji maalumu nilitumia sufi ya kujazia mito, nikaishonea ndani ya kitambaa cha pamba ili isipeperuke na kukamata koni. Nimeipigilia kwenye kuta za ndani za boksi tu. Mdomo wa bomba lazima ubaki wazi. Sufi inashika moto upesi, kwa hiyo rezista ya kupunguza sauti ya twita, ambayo hupata moto, nimeiweka mbali nayo, juu ya kigae kidogo.

Krosova, yaani sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita, sitairefusha. Nilikata kwenye hezi 3,000 kwa mtindo wa wahandisi Linkwitz na Riley wa desibeli 12 kwa oktavu: kapasita ya mikrofaradi 3.3 na koili ya milihenri 0.85 kwa upande wa twita, na vivyo hivyo kwa wufa, kwa mzigo wa omu 8. Twita lazima igeuzwe chanya kwa hasi, la sivyo sauti itazama pale zinapokutana. Huo ni mwanzo tu. Wufa halisi haikai omu 8 kila mahali, na sikio litakuambia uongeze au upunguze.

Sauti yake imenifurahisha kwa dhati. Gitaa la kadongo kamu, muziki wetu wa Uganda, linasikika kidole kwa kidole, na besi ya rumba ya Kongo inatembea badala ya kugugumia kama kwenye sabufa ya dukani niliyokuwa nayo. Rekodi ya embaire ndiyo iliyonishika zaidi, kwani mbao zile nzito zina mwanzo na mwisho, hazivurugiki. Chini ya hezi 45 hakuna kitu, na asitarajie mtu kupigia harusi kwa wufa ya inchi 6.5.

Mahali pa kuziweka pana uzito kuliko rangi au vanishi. Kwa upana wa sentimita 22, sauti iliyo chini ya hezi 500 hivi huzunguka boksi na kwenda nyuma, hivyo spika ikiwa katikati ya chumba besi hupungua. Ukuta wa nyuma huirudisha. Nilizisogeza kidogo kidogo mke wangu akisikiliza habari za redio, na kwa sentimita 30 kutoka ukutani mtangazaji alisikika mtu kamili, bila uzito wa ziada kifuani. Zimekaa juu ya stuli za chuma zilizochomelewa, ili mchwa wasizifikie.