Uzoefu wangu: Barabara ya 61 kando ya Ziwa Superior katikati ya baridi

Kama unaishi Minneapolis, Brooklyn Park au popote jirani na hapo katika jimbo la Minnesota, Marekani, na umezoea kujifungia ndani kuanzia Desemba hadi Machi, naomba usome hii. Safari ya siku moja kwa Barabara ya 61, kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Superior, naipa nyota tano kwa ziwa lenyewe, tano kwa barabara, na mbili tu kwa kampuni iliyotukodisha gari, ambayo jina lake sitalitaja. Tulikwenda Februari: mimi, mke wangu na mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza. Mama amezaliwa na kukulia kando ya Ziwa Victoria. Kwa habari za maziwa hadanganyiki.

Nianze na gari, maana safari ya baridi hufia hapo au huponea hapo. Gari letu la kila siku ni dogo na liko chini, kwa hiyo tulikodi kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne na tukalilipia mapema. Jioni ya kuamkia safari tunafika kulichukua, tunaletewa gari dogo la saluni, tairi za mbele zina vipara. Kijana wa kaunta anasema ni daraja lile lile. Si daraja lile lile! Nilichuchumaa nikamwonyesha kashata za tairi zilivyokwisha, nikamwomba kwa heshima amwite msimamizi wake, na nikakataa kutia sahihi. Tulisubiri sana, ila tukapewa gari tulilolilipia. Hata hilo tulilijaribu palepale kabla ya kuondoka, na maji ya waipa yakaganda kwenye kioo mara tu yalipotua. Walikuwa wamejaza yale ya kiangazi. Wakayamwaga na kuweka mengine.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kuna watu wataliona dogo. Barabara za Minnesota zinahudumiwa vizuri mno, magreda ya theluji yanapita usiku kucha na chumvi inamwagwa. Lakini chumvi hiyo ikichanganyika na matope ya theluji, lori moja likikupita tu, kioo chako chote kinakuwa cheupe. Bila maji ya waipa yanayofanya kazi unaendesha ukiwa kipofu, tena kwa mwendo wa barabara kuu. Jaribuni kila kitu mkiwa bado uwanjani kwao, na msione haya.

Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Minneapolis hadi Duluth ni kama kilomita 250 kwa barabara ya I-35, na sehemu hiyo haina cha kusimulia. Mama alisinzia njia nzima. Mwamshe mgeni wako mkikaribia Duluth, kabla ya mteremko wa mwisho. Unatokeza juu ya kilima, na ghafla mji wote, bandari na ziwa viko chini yako. Sisi tulifika jua linachomoza, nyuzi 22 chini ya sifuri, na ziwa lote lilikuwa linafuka. Maji ya Superior hata yakiwa baridi namna gani bado yana joto kuliko hewa ya asubuhi kama hiyo, hivyo mvuke unapanda juu ya maji na jua likiupiga unakuwa wa rangi ya chungwa. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza nani anachoma moto kule majini.

Kwa ukubwa wa eneo, hakuna ziwa la maji yasiyo na chumvi linaloizidi Superior duniani: kilomita za mraba 82,100, likifuatiwa na Victoria lenye kama 69,000. Lakini kwenda chini hayafanani hata kidogo. Victoria panapozidi ni kama mita 80. Superior ni mita 406. Ndiyo maana haligandi lote kirahisi. Kina hicho kinatunza joto la kiangazi kwa miezi, na upepo unaivunjavunja barafu kabla haijashikana. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba Februari utakuta ziwa limekuwa uwanja mweupe tu. Siku moja kuna barafu hadi upeo wa macho, kesho yake upepo wa nchi kavu umeipeleka yote katikati na mawimbi yanapiga miamba.

Tulisimama kwanza Brighton Beach, mwisho wa mji wa Duluth upande wa mashariki. Upepo ulikuwa umevuma kutoka ziwani kwa siku kadhaa na kuisukuma barafu pwani. Barafu hiyo huja kwa vipande bapa, vyembamba, unene wa kidole au viwili, na hupandana kimoja juu ya kingine mpaka inatokea rundo la kufika kiunoni. Ukiwa mbali unaona weupe. Ukisogea unaona ni bluu ya maji ya ndani, na kila kipande kina ukingo mkali. Mawimbi madogo yalikuwa yanasukuma kwa chini, na rundo zima likawa linalia kama bilauri kwenye sinia. Mama aliinama akachukua kipande cha ukubwa wa sahani, akakinyanyua mbele ya jua. Nilikuwa nimesimama upande wa pili na niliona kupitia humo mshono wa glovu yake, uzi kwa uzi. Hakuna povu wala takataka ndani yake.

“Mwanangu,” akasema, “ziwa hili halinuki.”

Ni kweli, na mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria. Kwetu Mwanza ukikaribia ufukwe pua ndiyo inatangulia kufika: samaki, magugu maji, moshi wa wakaangaji. Hapa hewa haina chochote. Mama aliona jambo hilo ni la ajabu kuliko barafu, na alilirudia njiani mara kwa mara.

Kutoka Duluth kwenda Two Harbors kuna njia mbili. Ramani ya simu itakupeleka barabara pana iliyo ndani kidogo, ukiiacha iamue yenyewe. Usiiache. Shika barabara ya zamani inayofuata ukingo wa ziwa. Unapoteza dakika kumi na tano tu na maji yako mkono wako wa kulia muda wote. Njia hiyo pia inapita Knife River, ambako wanauza samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi. Tulinunua samaki mweupe wa ziwani (whitefish) na trauti wa ziwani, tukala ndani ya gari kwa mikono pamoja na chapati tulizobeba na chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Mama alikagua mifupa kwanza, akaonja, akatoa hukumu kwamba moshi ni mzuri ila chumvi imezidi, na kwamba trauti yule angefaa kwa mchuzi wa karanga. Mke wangu akamwambia, “Mama, tumnunue wa kwenda kupika nyumbani.” Tukamnunua, na siku iliyofuata tulithibitisha kwamba mama hakukosea.

Maporomoko ya Gooseberry yako mbele kidogo ya Two Harbors, baada ya barabara kupenya chini ya jabali kwa mahandaki. Hapa hulipi chochote ukiegesha kwenye kituo cha wageni, na ndani kuna joto na vyoo safi, jambo la maana sana ukiwa na mzazi. Maporomoko yenyewe yameganda. Ila ukisimama karibu unasikia maji bado yanashuka nyuma ya pazia la barafu, na penye tundu unayaona yakipita kwa kasi. Njia ni fupi lakini imekuwa kioo kwa kukanyagwa na watu. Nunueni vile vyuma vya kuvalisha juu ya viatu, hata vya bei rahisi. Mama alivaa vyake na kutembea bila kushikwa mkono, wakati vijana wenye viatu vya mpira walikuwa wanang'ang'ania uzio.

Halafu Split Rock. Kama muda wako unatosha kusimama mahali pamoja tu, simama hapa. Ni mnara wa taa ya meli uliojengwa ukingoni mwa jabali refu linaloshuka wima hadi majini. Dhoruba ya Novemba 1905 iliharibu meli nyingi kwenye ziwa hili, mbili kati yake zikiwa zimepigizwa miambani karibu na hapo, na wenye meli wakadai taa. Ikawashwa 1910. Barabara ilikuwa bado haijafika, ilichelewa hadi 1924, kwa hiyo kila tofali na kila chuma kilikuja kwa maji na kuvutwa juu ya jabali. Taa ilistaafishwa 1969. Watu wengi wanachanganya jambo moja: mnara wenyewe una tiketi yake na siku zake za kufunguliwa wakati wa baridi, hivyo angalia kabla ya kwenda, lakini ule ufukwe wa kokoto unaotoa picha inayojulikana, mnara ukiwa juu kabisa na barafu chini, uko ndani ya hifadhi ya jimbo, na huko unalipia gari ada ya siku. Sisi tulilipa dola 7. Sijutii hata senti.

Pale ufukweni nilimsimulia mama habari za Edmund Fitzgerald, meli ya kubeba madini ya chuma iliyozama kwenye ziwa hili Novemba 10, 1975, na mabaharia wote 29. Kila mwaka tarehe hiyo wanakusanyika juu pale kwenye mnara, kengele inapigwa, majina yanasomwa, kisha taa inawashwa.

“Yanasomwa yote?”

“Yote, mama.”

Akakaa kimya. Mtu wa Mwanza wa umri wake ukimtajia meli iliyozama, anarudi Mei 21, 1996, siku ya MV Bukoba. Mamia ya watu walikufa, na abiria wa daraja la tatu hata orodha yao haikuwepo. Mama alikuwa anawafahamu baadhi yao. Alisema Igoma walikozikwa huwa panafanyika kumbukumbu, lakini majina yote nani atayajua. Hatukuharakisha kuondoka. Alipokuwa tayari alisema mwenyewe twende, na akasema angependa siku moja aione taa hiyo ikiwashwa. Ndiyo sababu hii sehemu ya safari naithamini kuliko nyingine zote. Sikuitegemea, na hakuna tiketi inayoiuza.

Sasa kuhusu umbali. Watakuambia ufike Grand Marais, kilomita 177 hivi kutoka Duluth. Kiangazi, sawa. Baridi, kwa siku moja, ukitokea Minneapolis, mimi nasema hapana. Mwezi wa pili jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni, na Januari mapema zaidi. Ukilazimisha Grand Marais utapita kila kitu kwa dirishani, kisha urudi gizani kwenye barabara ambayo kulungu wanaivuka wanavyotaka. Sisi tuligeuzia mji wa Silver Bay, mbele kidogo ya Split Rock, na tuliwaona kulungu wawili kando ya lami kabla hata giza halijaingia vizuri. Ukitaka kupanda Palisade Head, jabali refu la kutazamia ziwa, jua kwamba barabara yake hufungwa kwa magari wakati wa theluji; utatembea kwa miguu, na kwa mzee si vyema.

Na kama unawapeleka watoto kuona meli kubwa zikipita chini ya daraja la kuinuka la Duluth, msimu huu haufai. Milango ya maji ya Soo, inayounganisha Superior na maziwa mengine, hufungwa katikati ya Januari hadi Machi 25, na meli zinakaa bandarini tu.

Gharama zetu kwa ujumla, ukiacha gari, zilikuwa mafuta, samaki, dola 7 za hifadhi na vile vyuma vya viatu. Chakula kingine tulibeba, nanyi bebeni, maana baadhi ya mahoteli ya njiani hufunga miezi hii. Jazeni tanki Two Harbors. Wekeni blanketi na koleo kwenye buti. Asubuhi ya safari piga 511 usikilize hali ya barabara. Wakisema kuna tahadhari ya dhoruba upande wa ziwa, ahirisha kwa wiki moja, ziwa litakusubiri.