Uzoefu wangu: MBA ya jioni na Jumamosi hapa Nakuru, kutoka ofisini hadi duka la Njoro

Kila muhula unapokaribia kuanza, kuna mtu wa ofisi ananipigia simu kuniuliza kama MBA ya jioni, yaani shahada ya uzamili ya biashara, inafaa pesa yake. Nimeona niandike mara moja. Masomo ya fedha na uhasibu yalinifaa kuliko nilivyotarajia, na hayo peke yake ningeyalipia tena. Yale ya mikakati na uongozi, kwa namna tulivyofundishwa, yalinipa maneno mengi ambayo leo siyatumii popote.

Chuo sikitaji. Mjini Nakuru kuna kampasi kadhaa za watu wanaofanya kazi, na nikisimulia yaliyonisumbua sitaki ionekane ninampiga mmoja vita. Karo yote, ukijumlisha ada za mitihani na za kusimamiwa mradi, ilipita laki tatu na nusu. Nililipa kwa mkopo wa sacco, wadhamini wangu wakiwa wenzangu wa ofisini. Madarasa yalianza saa kumi na moja na nusu jioni katikati ya juma, na Jumamosi kutwa. Jumamosi ndiyo gharama ambayo hakuna anayekwambia. Harusi, mazishi na vikao vya chama vyote huangukia siku hiyo, na mama mkwe hakuelewa mtu mzima mwenye watoto anasomea nini tena. Mume wangu ndiye aliyesimama kati, Mungu ambariki.

Wakati huo nilikuwa ofisa wa mauzo katika kampuni ya pembejeo, nikizunguka Molo, Elburgon, Njoro hadi Mau Narok. Nilijiandikisha nikitafuta kupandishwa cheo. Kazi ikaisha kabla ya masomo kuisha, na nadhani ndiyo maana naweza kupima shule hii kwa pande mbili: jinsi inavyoonekana ukiwa na mshahara, na jinsi inavyoonekana mshahara ukikatika.

Nianze na somo la fedha, kwa sababu hapo ndipo pesa yangu ilirudi. Mhadhiri alikuwa mzee mtaratibu ambaye hakupenda projekta. Jioni ya kwanza alichora mistari miwili ubaoni akapata safu tatu: biashara, tarehe pesa inatoka, tarehe pesa inaingia. Akamtaka kila mmoja ataje biashara anayoijua kwa macho. Mwenye bodaboda akasema pesa inatoka asubuhi kwa petroli na inarudi kabla ya jioni. Dada mwenye saluni akasema wiki. Nilipofikiwa nilitaja agrovet, yaani duka la pembejeo za shamba na dawa za mifugo, kwa kuwa wenye maduka hayo ndio waliokuwa wateja wangu. Mzee akaniambia, "Haya, jaza."

Nilijaza polepole, darasa likitazama. Dukani mbolea na mbegu huingizwa Februari, na msambazaji anampa mwenye duka siku 30 za kulipa. Mkulima wa mahindi anapanda mvua ndefu ikianza, Machi au Aprili, na wengi huchukua kwa deni. Mahindi ya huku kwetu, kwa baridi yake, huvunwa Oktoba hadi Desemba. Akiyapeleka kwa mnunuzi anayechelewesha malipo, deni la Machi linalipwa Januari. Nilipomaliza, mzee alizungushia duara nafasi iliyopo kati ya safu ya pili na ya tatu, akauliza: hii miezi yote, nani anaibeba?

Kisha akapiga hesabu ambayo sitaisahau. Chukua bidhaa yenye faida ya asilimia 10. Umeiuza kwa deni la miezi minane. Mtaji wenyewe ni mkopo unaokutoza asilimia 1 kila mwezi. Riba imekula asilimia 8 kabla hujalipa kodi ya duka, kijana wa dukani wala umeme. Kwenye daftari umeuza kwa faida, na mfukoni huna kitu. Nilikuwa nimezunguka maduka ya watu kwa miaka nikiona wenyewe wanafunga wakati mauzo yao yanapanda, na pale ubaoni nilielewa kwa nini. Biashara ilikuwa nzuri. Pesa ilikuwa shambani kwa watu.

Nikilinganisha, somo la mikakati lilikuja kwa slaidi. Tulipewa nguvu tano za Michael Porter, mfano alioutoa mwaka 1979: washindani, wanaoweza kuingia sokoni, bidhaa mbadala, wauzaji wako na wanunuzi wako. Ni mfano mzuri, nausifu kwa moyo mweupe, maana unakulazimisha kumtazama aliye juu yako na aliye chini yako, usimkodolee jirani peke yake. Shida ni kwamba tuliufanyia mazoezi kwa makampuni ya simu na ndege ya Marekani, tukajaza visanduku, tukapewa alama.

Ukiuleta Njoro una pengo. Serikali haimo katika zile tano. Porter mwenyewe huitazama kama kitu kinachozisukuma nguvu hizo kutoka pembeni. Huku kwetu haikai pembeni. Mwaka 2022 mbolea ya ruzuku ilianza kuuzwa kwa shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50 kupitia maghala ya NCPB, bodi ya serikali ya nafaka, na mwaka 2023 ikashushwa hadi 2,500. Mkulima aliyesajiliwa anapata ujumbe kwa simu na kwenda kuchukua mifuko yake. Kwa mkulima ni nafuu kubwa na ninaifurahia, ndugu zangu ni wakulima. Kwa mwenye agrovet aliyekuwa akitegemea mbolea, ni nusu ya duka kuondoka. Niliuliza darasani tuiweke wapi kwenye mchoro. Nikaambiwa niiandike chini ya "mazingira ya nje", tukaendelea na slaidi iliyofuata.

Jioni moja tu somo hilo liliamka, nalo liliamshwa na Nakuru yenyewe. Tulikuwa tukijadili kiwanda cha betri cha Eveready, kilichofungua milango hapa mwaka 1967, kampuni ikaingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2006, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014 kampuni ilipoamua kuagiza betri badala ya kuzitengeneza. Kundi lililowasilisha lilieleza kwa lugha tuliyozoeshwa: kampuni ilibadili mfumo wake wa biashara ili kulinda ushindani wake wa muda mrefu. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake mdogo alifanya kazi pale, akainua mkono. Alisema betri za bei ya chini kutoka nje zilijaa madukani, gharama ya kutengeneza hapa ikawa juu, watu wakahamia tochi za simu na taa za sola, na waliokuwa kwenye mashine wakarudi nyumbani. Akakaa. Darasa zima lilielewa zaidi katika dakika ile kuliko katika slaidi ishirini, na tukaanza kuulizana mambo ya maana: bei ya umeme, ushuru, nani angeweza kufanya nini mapema. Kama shule ingefundisha hivyo kila wiki, tathmini hii ingekuwa nyingine kabisa.

Miezi michache baadaye barua ikanifikia mimi. Ilikuwa ya Kiingereza, na maana yake ilikuwa kwamba kampuni inaoanisha rasilimali watu na mwelekeo wake mpya wa kimkakati, na kwamba nafasi yangu imeathirika katika zoezi hilo. Niliisoma mara kadhaa nikitafuta mtu ndani yake. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyefukuza, hata mimi sikuwemo, ilikuwemo nafasi yangu. Kilichoniuma ni kwamba niliielewa vizuri mno. Ndiyo lugha niliyokuwa nikipatia alama nzuri darasani, na nikajua aliyeiandika huenda aliketi katika darasa kama lile, akafundishwa kuandika hivyo na mtu asiye na nia mbaya yoyote. Lugha hiyo ina kazi yake kwenye ripoti ya wenye hisa. Ukimwandikia nayo mtu unayemwondolea mkate, unamnyima hata heshima ya kuambiwa.

Hapa nimsifu mhadhiri wa sheria za kazi, mwanamke mkali na mwenye huruma. Alitusomesha kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 mstari kwa mstari. Mwajiri anayepunguza watu hana budi kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja, na ofisa wa leba wa eneo ajulishwe pia. Anapochagua nani aondoke, azingatie muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, mbali na siku za likizo ambazo hukuzichukua. Aliyetumikia miaka kumi kamili anadai angalau siku 150. Niliingia kwenye kikao cha mwisho na daftari langu la shule. Hesabu ya kwanza waliyoniletea ilikuwa imesahau likizo yangu. Nilionyesha, ikarekebishwa siku ileile. Wenzangu niliowatumia picha ya ukurasa ule nao wakadai zao.

Mambo ambayo shule haikugusa kabisa ni ya siku ya kwanza bila mshahara. Ukiwa umeajiriwa, kuna mtu anakukatia kila kitu kabla hujaiona pesa. Ukitoka, unajikatia mwenyewe. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inamkadiria aliyejiajiri kwa asilimia 2.75 ya kipato chake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mkopo wa sacco uliokuwa ukikatwa kimya kimya unaanza kukuita kwa jina, na wadhamini wako wanakuangalia. Darasa la watu wazima wa miaka thelathini hadi hamsini lingestahili walau Jumamosi moja ya mambo haya.

Baada ya kazi kuisha nilifungua agrovet yangu mwenyewe Njoro, na duka hilo nililipanga kwa zile safu tatu za ubaoni. Mbolea niliiweka kidogo. Nguvu nikaziweka kwenye chakula na chumvi ya ng'ombe, na dawa za kupe, kwa sababu mfugaji analipwa maziwa yake kila mwezi na ushirika, basi deni lake lina siku 30 na sio miezi minane. Viazi ni miezi mitatu minne, ni deni la kuvumilika. Mahindi sikopeshi, na nawaambia wateja sababu yenyewe, wananielewa. Leseni ya kuuza dawa za mimea kutoka kwa PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa hizo, iko ukutani mahali inapoonekana.

Huku mwenye agrovet huitwa daktari, uwe umesomea au hukusomea. Juzi kijana wa mauzo wa kampuni moja alikuja na tableti yake, akamkuta mama mmoja mkulima wa viazi kaunta. Akamweleza kuhusu suluhisho jumuishi linaloongeza thamani katika mnyororo mzima wa uzalishaji. Mama alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akanigeukia: "Daktari, hii inazuia blaiti au haizuii? Na mvua ikinyesha baada ya saa moja narudia?" Nikamjibu yote mawili, na muda wa kungoja kabla ya kuvuna pia. Baadaye nilikaa na yule kijana tukanywa chai. Nilimwambia maswali yale mawili ndiyo mkutano wote wa mauzo, ajifunze kuyajibu kabla hajaulizwa. Ni kijana mwerevu, atafika mbali.

Kuhusu mradi wa utafiti, jiandae. Masomo ya darasani yaliisha kwa wakati. Mradi ndio uliowakwamisha wengi, kwa sababu wasimamizi ni wachache na kila mmoja ana wanafunzi tele. Pendekezo langu lilikaa kwenye meza ya mtu majuma mengi bila neno, na ada ya muhula iliendelea kuhesabiwa. Kuna wenzangu wenye akili kunishinda ambao hadi leo hawajahitimu. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa chuo kile, na niliwaandikia rasmi nikiwaeleza.

Kwa hiyo ukiwa na kazi, na unachotaka ni cheti cha kupandia cheo, hakikisha kwanza kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kisha watafute waliomaliza majuzi uwaulize mradi uliwachukua muda gani. Ukiwa na biashara tayari, uliza kama unaweza kusoma fedha, uhasibu na sheria za kazi peke yake, maana baadhi ya vyuo huruhusu kozi fupi kwa bei ya chini zaidi. Na kama kipato chako kinategemea shamba, zungumza na ofisi ya karo kabla ya kujiandikisha ili awamu kubwa iangukie baada ya mavuno. Mimi niliomba hivyo muhula wangu wa mwisho, wakakubali kwa barua.